Tiki Haipigwi kwa Kauli: Hotuba kwa Wazazi Kabla ya Safari za Likizo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa wale ambao salamu hiyo si yao, hamjambo nyote. Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, walimu wetu, wazazi wenzangu, na vijana mliojibana kule nyuma chini ya feni, nashukuru kwa kunikaribisha.

Mwenyekiti aliponipigia simu na kuniomba nije nizungumze juu ya kufunga mizigo ya safari, nilidhani amekosea namba, kwa kuwa mimi si mtu wa utalii wala sina duka la mabegi. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza bandarini Kilindini, Mombasa, nikiwa karani wa shehena: kusimama kando ya meli au mlangoni mwa ghala, kalamu na karatasi mkononi, nikihesabu magunia, marobota na makasha ya watu nisiowajua. Akanijibu kuwa hiyo ndiyo sababu ya kunitafuta, maana likizo iliyopita wazazi watatu wa shule hii walisafiri wakiwa na orodha ndefu zilizoandikwa vizuri, na bado wakafika waendako bila vitu vya lazima. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu wa nne wao ni mimi, kama mtakavyosikia.

Kwa hiyo sikuja kuwafundisha kuandika orodha. Kuandika sote tunajua. Nimekuja kusema kwamba orodha ya mizigo ni hesabu, nayo hesabu ina adabu zake. Wengi wetu huichukulia kama ukumbusho: mtu huiandika Jumatano usiku, akaibandika mlangoni mwa friji kwa sumaku, na siku ya safari akaitupia jicho moja akipita, moyo ukatulia. Bandarini mambo hayaendi hivyo. Karani hapigi tiki kwa sababu kuli amesema "limepita". Hupiga tiki kwa sababu ameliona robota likipita mbele ya macho yake. Na shehena inapobadili chombo, kutoka melini kuingia ghalani, au kutoka ghalani kuingia lori ama behewa, huhesabiwa upya, kwa kuwa upungufu ukija kugunduliwa mwisho wa njia, hakuna atakayeweza kusema umetokea wapi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami baada ya miaka yote ile naongeza kwamba hata yenye daftari hupotea, ikiwa mwenye daftari ameketi.

Sasa nisikilizeni kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na harusi Tanga, kwa upande wa shemeji zangu, nasi tukasafiri saba: mimi na mke wangu, watoto wanne, na mama mkwe wangu. Orodha niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kikarani, na mstari wa kwanza kabisa ulikuwa "hati", yaani hati zetu za kusafiria, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kadi za njano za chanjo ya homa ya manjano, ambazo mtu anayetoka kwetu kuingia Tanzania huulizwa mpakani. Usiku ule nikauliza kutoka ukumbini, "Mama watoto, hati zipo?" Nikajibiwa kutoka jikoni, "Zipo." Nikapiga tiki. Na kweli zilikuwapo: juu ya friji, ndani ya bahasha ya kaki, na hapo ndipo zilipobaki sisi tulipovuka feri kwenda Likoni kupanda basi. Mke wangu hakuwa na kosa, kwa kuwa alijibu swali aliloulizwa. Mimi ndiye niliyeuliza kama zipo, ilhali nilipaswa kuuliza zimo begi gani, kisha niinuke niende nikazione. Basi halikungoja. Watoto wakakaa juu ya mabegi Likoni na bibi yao, nami nikavuka tena, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani Majengo, nikarudi na bahasha mkononi, tukapanda gari la baadaye. Mpakani Lunga Lunga tulivuka jua likiwa limekwisha kupinduka. Nikaha ikatupita, na karamu tuliikuta ikielekea mwisho. Shemeji yangu, mpaka leo akinipigia simu, huanza kwa kuniuliza, "Hati zipo?"

Msidhani haya ni ya watu wazembe peke yao. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilipaa katika majaribio ya jeshi, ikainuka kwa ukali kupita kiasi, ikaanguka, na watu wawili wakapoteza maisha. Injini zilikuwa nzima, na aliyeirusha alikuwa rubani mzoefu. Kilichosahauliwa ni kufungua kufuli linalozuia sehemu za usukani zisipigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Waliokuja baada yake walitengenezewa karatasi fupi ya kusoma kabla ya kuruka, na ndege ile ile ikaendelea kutumika kwa jina la B-17.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko karibu nasi. Shirika la Afya Duniani lilipotayarisha orodha ya usalama wa upasuaji, yenye mambo 19 tu, liliijaribu katika hospitali nane za miji minane ya dunia, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, nchini Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Hawa ni madaktari, waliosoma miaka mingi kuliko sisi sote humu. Nilipoichunguza orodha ile niliona kwamba haikutengenezwa ili ikae mezani. Husomwa kwa sauti, na husomwa mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, ambapo sindano na vifaa vyote huhesabiwa, kisije kikabaki ndani ya mtu kitu kisichokuwa chake. Nikasema, hawa ni makarani wenzangu.

Basi na yetu tuisome mara tatu. Usomaji wa kwanza ni usiku wa kuamkia safari, mabegi yakiwa wazi juu ya mkeka. Asome mmoja, na mwingine ashike kitu akiinue juu kionekane, ndipo tiki ipigwe na kitu kiingie begini. Msomaji na mfungaji wasiwe mtu mmoja, kwa sababu anayejisomea mwenyewe hujisamehe. Kwetu msomaji ni mjukuu wangu wa miaka tisa, ambaye hana huruma hata kidogo. Nikimwambia miwani yangu ya kusomea ipo, hunitazama mpaka niende nikailete. Kwa wadogo wasiojua kusoma, wachorewe: kiatu, mswaki, fulana. Mtoto aliyepiga tiki kwa mkono wake mwenyewe hatauliza "mama, viatu vyangu viko wapi" mkiwa mmeshafika Mariakani.

Hapo utakuta kuna vitu visivyoweza kufungwa usiku, kwa sababu bado vinatumika: mswaki, chaja, simu, dawa ya pumu ya mtoto, meno ya bandia ya babu. Hivi ndivyo hupotea kuliko vyote, na makosa ni yetu, kwa kuwa huvipigia tiki usiku kwa ahadi ya asubuhi. Mimi huviita madeni ya asubuhi. Huviandika katika kijikaratasi cha peke yake nikakibandika mlangoni kwa ndani, usawa wa kitasa, na mlango haufunguliwi mpaka deni limelipwa.

Usomaji wa pili ni hapo hapo mlangoni, nao hausomi vitu bali mizigo. Bandarini kila furushi lilikuwa na alama na namba. Nyumbani yatosha kukata kitambaa cha rangi moja, tuseme leso nyekundu iliyochakaa (wengine huiita kanga), mkafunga ukanda kwenye kila mkono wa begi, kisha mkaandika juu ya orodha idadi yenyewe kwa tarakimu kubwa: MIZIGO 6. Kuanzia hapo idadi hiyo ni wimbo wa familia. Fikirieni mtu wa Majengo anayempeleka mama yake Ukunda na watoto: tuktuk mpaka feri, feri mpaka Likoni, kisha matatu. Safari ni fupi, lakini mizigo imepita katika vyombo vitatu, tena katikati ya msongamano wa watu wanaokimbilia kazini. Kila chombo kihesabiwe mara mbili, mkipanda na mkishuka. Yale maandishi tuliyoyazoea ndani ya mabasi, "Abiria chunga mzigo wako", hayawezi kutekelezwa na mtu asiyejua mizigo yake ni mingapi.

Naomba sasa nirudi kwenye karatasi yenyewe, maana wako watakaouliza iandikweje. Neno langu la kwanza ni kwamba "nguo za watoto" ni kichwa cha habari. Hakiwezi kupigiwa tiki. Andika jina la mtoto, na chini yake: fulana 4, suruali 2, sweta 1, chupi 5, viatu jozi 2. Kitu kisicho na idadi hakihesabiki. La pili, ambalo nililijifunza kwa baridi, ni kwamba orodha ifuate saa za safari, isifuate mpangilio wa kabati. Mwaka mmoja mwezi wa Julai tulikwenda Nairobi kwa treni, ile ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Sisi watu wa pwani hatuna desturi ya masweta, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mwezi huo, usiku wake si usiku wa kuchezea. Masweta tulikuwa nayo, tena yamepigiwa tiki kihalali, lakini yalikuwa chini kabisa ya begi kubwa, chini ya nguo za siku ya tatu na chini ya mabuyu na kashata za zawadi. Tuliposhuka Syokimau usiku, watoto wakitetemeka, nilifungua begi pale jukwaani mbele ya watu, nguo za ndani zikaonekana na kila aliyepita. Tangu siku hiyo nagawa karatasi kwa mafungu matatu: ya njiani, ya usiku wa kwanza, na ya siku zinazofuata. Cha njiani kikae mkononi, cha usiku wa kwanza kiwe juu, na yaliyobaki yakae chini huko yasubiri zamu yao.

Katika fungu la njiani, hati na dawa ndizo mama. Wanaokwenda kupanda treni Miritini wanajua kwamba mizigo hupangwa chini kwa mstari ikanuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine, kwa hiyo kitambulisho kikiwa ndani ya begi lililofungwa utahangaika mwenyewe. Na visu na vitu vinavyoshika moto kwa urahisi visiingie kabisa katika mizigo. Kadi ya njano iliyo sahihi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote ya mwenyewe, kwa hiyo aliyekwisha kuchanjwa asichanjwe tena kwa sababu ya kadi kupotea kabatini, aitafute. Andikeni namba za hati kwenye daftari, na mzipige picha kwa simu, lakini picha haichukui nafasi ya hati yenyewe.

Dawa zikae katika pakiti zake za asili zenye maandishi ya mfamasia, wala zisichanganywe ndani ya kikopo kimoja, kwa sababu saa nane za usiku vidonge vyote ni vyeupe. Mwenye sukari anayetumia insulini aibebe mkononi: isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, na kwa anayepanda ndege isiingizwe katika mizigo ya chini, ambako yaweza kuganda ikaharibika. Pakiti za ORS, zile chumvi za kuchanganya na maji kwa anayeharisha, zisikose panapokuwa na watoto. Zikiisha ukiwa mbali na duka, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa bila kilele, vitakusaidia mpaka umfikishe mtoto kwenye zahanati.

Kwa wanaokwenda umra na wengine wanaosafiri kwa ndege nitapita haraka. Vitu vya majimaji vya kubeba mkononi visizidi chupa za mililita 100. Pawabenki hubebwa mkononi, haiingii katika begi linalopelekwa chini. Kwa anayekwenda umra, chanjo ya homa ya uti wa mgongo ifanywe angalau siku 10 kabla ya kufika. Na ihramu, yaani vazi la umra, iandikwe katika fungu la njiani, si katika fungu la kule Makka, kwa sababu za wazi kwa kila aliyewahi kupita mikati, mpaka usiopitwa bila ihramu, akiwa angani.

Kuna kitu kimoja nisichoweza kukipita haraka, nacho ni leso. Mimi si mwanamke, lakini nimehesabu mizigo ya wanawake watatu katika nyumba moja, na nakiri kwamba sijaona kitu kinachofanya kazi nyingi kwa uzito mdogo kama doti moja ya leso. Ni shuka usiku, taulo asubuhi, pazia la dirisha la basi jua likiwa upande wako, mbeleko ya mtoto aliyechoka kutembea, kitambaa cha kulalia sakafuni kwa wenyeji ambao vitanda havikutosha, na stara ya mama anayenyonyesha. Nguo zilizolowa nazo hufungwa humo humo, na hilo si dogo, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini mwetu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Anayevuka Lunga Lunga na rundo la mifuko hiyo anajitafutia maneno. Basi mahali ambapo orodha yako imeandika taulo 4, shuka 2 na mifuko ya nguo chafu, jaribu kuandika leso doti 3, kisha uone begi litakavyonywea.

Na kunywea ndiko kunakotakiwa. Orodha nyingi nilizoziona zinajua kuongeza tu. Mtu anayeogopa kusahau huandika kila kitu, na mwishowe familia inahama badala ya kusafiri. Kabla ya usomaji wa kwanza, kaeni na kalamu ya rangi nyingine mkate. Kila kitu kinachoanza na neno "huenda" kiulizwe: je, kikikosekana, kinanunulika huko? Dawa ya meno hununulika Voi, hununulika Tanga, hununulika kila mahali penye kioski. Miwani ya bibi hainunuliki. Kwa kipimo hicho pekee utakata robo ya karatasi bila kumwonea mtu, isipokuwa mwana wangu wa mwisho, ambaye alidai kuwa mpira wake haununuliki, nasi tukaubeba ukiwa hauna upepo.

Usomaji wa tatu ndio unaosahauliwa na karibu kila mtu: kabla ya kutoka kwa wenyeji. Tunakwenda na orodha, tunarudi na mikono. Hapo ndipo chaja hubaki ukutani, kikoi hubaki kwenye kamba, na kiatu kimoja cha mtoto hubaki chini ya kitanda cha shangazi yake mpaka Idi nyingine, wakati ambapo hakimwenei tena. Kila mstari uwe na visanduku viwili, cha kwenda na cha kurudi. Vilivyoliwa na vilivyogawiwa, kama halwa na achari, vipigiwe mstari. Na mlivyopewa viandikwe chini, kwa maana mtu wa pwani akienda bara harudi bila viazi, na gunia la viazi ni mzigo wa saba ambao wimbo wa sita hauujui. Mkumbuke kuubadilisha wimbo.

Mkifika nyumbani, kabla hamjaoga, toeni kalamu. Andikeni kilichokosekana na mkate kilichokwenda na kurudi bila kuguswa, kumbukumbu ikiwa bado na joto. Karatasi hiyo iliyochafuliwa msiitupe. Ndiyo mtakayoinakili safari ijayo. Mimi ninazo tatu ndani ya daftari moja: ya bara, ya Tanga, na ya kulala Kwale siku mbili, na ile ya Kwale imeshapungua mpaka imebaki nusu ukurasa. Wako wanaopenda kuweka orodha ndani ya simu, nami sibishani nao, ila simu huishiwa chaji njiani, na huwezi kumpa mtoto wa miaka tisa simu yako ukitarajia asome orodha.

Nyuma ya karatasi, kwa wanaofunga nyumba kabisa, pana mistari mitano ya nyumba yenyewe: mtungi wa gesi, mabomba, friji, madirisha, ufunguo kwa jirani. Nayo ipigiwe tiki kwa kwenda kuona. Nimewahi kurudishwa kutoka feri na bomba.

Nakala nilizochapa ziko juu ya meza ile, na kila familia ichukue moja. Nimeacha mistari mitupu chini ya kila jina kwa sababu sijui watoto wenu wanavaa nini. Mwalimu mkuu ameniruhusu dakika kumi zaidi. Bi mmoja aliyeketi mstari wa pili anasafiri kesho alfajiri kwenda Voi na watoto watatu, naye amekubali, kwa ujasiri ambao mimi sina, kuja na begi lake likiwa limeshafungwa, na orodha yake ikiwa imejaa tiki. Tafadhali, Bi, sogea nalo hapa mbele. Mkeka upo. Mjukuu wangu, chukua karatasi ya Bi, anza na mstari wa kwanza, na usome kwa sauti wasikie mpaka wale wa chini ya feni.